Kasi ya Intaneti Nyumbani Igawanywe Mchana Peupe

Nimeomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu, si kwa kuwa nina ufundi wa kuandika kuwashinda wenzangu, bali kwa sababu nina jambo ambalo limenikaa rohoni tangu Agosti ya mwaka jana. Jambo lenyewe linahusu waifai. Najua kuna watakaocheka na kusema, "Sasa waifai nayo ni jambo la kuandikia jarida la Chama cha Kiswahili?" Ngojeni kwanza, mtacheka baadaye.

Maoni yangu ni haya. Nyumba yoyote ambayo watu wengi wanatumia intaneti moja ni lazima iwe na kipimo, yaani kila mtu na kila chombo kijue mwisho wake. Lakini kipimo hicho kiwekwe mchana peupe, kila mtu akione, na kimfunge hata yule aliyekiweka. Kipimo cha kufichwa ni wizi, hata kama mwizi ni mimi.

Nimesema hata kama ni mimi kwa sababu ni mimi kweli.

Sisi tunaishi katika ploti yenye nyumba 8. Kwetu tuko watu watano: Baba, Mama, dada yangu mkubwa, mimi, na kakangu mdogo aliye Gredi ya 6. Baba alituletea intaneti ya nyumbani baada ya Dada kumaliza chuo, ili aweze kutafuta kazi bila kumaliza pesa kwenye saiba. Tulichukua kifurushi cha chini kabisa. Kasi ya kupakua, yaani kuleta vitu kutoka nje, ilikuwa megabiti 10 kwa sekunde. Kasi ya kupakia, yaani kupeleka vitu nje, ilikuwa megabiti 3. Mimi hiyo 3 hata sikuwa nimeitilia maanani. Nani hupeleka vitu nje? Sisi tulikuwa wa kuleta tu.

Sasa wanachama mnaukumbuka mchezo wetu wa kuigiza wa Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7. Mimi ndimi niliyepewa kazi ya kuurekodi kwa rununu. Vidio ilitoka gigabaiti 1.8, kwa maana mchezo wenyewe ulikuwa mrefu na yule aliyeigiza chifu alikataa kufa haraka. Likizo ilipofika, kundi letu la WhatsApp likawaka moto. "Tuma bana!" "Umeikalia kama kuku." "Ama unataka tulipe?" Siwalaumu. Nami nilitaka sifa. Basi Jumatano moja asubuhi, yapata saa nne kasorobo, nikaanza kuipakia kwenye hifadhi ya Google ili niwatumie kiungo. Nikachomeka chaja, nikaiacha rununu chini ya mto, nikatoka nje.

Asubuhi hiyohiyo, saa nne kamili, Dada alikuwa na usaili wa kazi kwa vidio. Ulikuwa wa kwanza kuitwa tangu amalize chuo. Alikuwa ameamka saa kumi na moja. Alipiga pasi blauzi nyeupe, akasuka nywele upya, na chini akabaki na suruali ya kulalia kwa kuwa haingeonekana. Alitupanga mimi na kakangu mlangoni, akatuambia, "Nyinyi wawili, leo hakuna kuangalia vitu. Sawa?" Tukasema sawa. Kakangu akazima runinga. Na mimi naapa sikudanganya: sikuwa nikiangalia kitu. Kichwani mwangu, kupakia hakukuwa kuangalia.

Nikiwa pale nje nilianza kumsikia. "Mnanisikia? Na sasa? Halo? Samahani, mnanisikia?" Yeye alikuwa akiwaona na kuwasikia vizuri kabisa. Wao ndio hawakumsikia. Sauti yake iliwafikia vipandevipande. Akazima picha abaki na sauti tu, wapi! Akasogea dirishani, akarudi, akainua tarakilishi kama mtu anayetafuta mawimbi ya redio. Baada ya kama robo saa wale watu wakamwambia kwa upole kwamba watamtafuta. Nilikimbia chumbani nikachungulia chini ya mto. Asilimia 38.

Baada ya siku mbili alipata barua pepe ya kumshukuru. Nyote mnajua barua za kushukuru huwa na nini ndani. Huenda wangemkataa hata kama angesikika, lakini angekuwa amekataliwa baada ya kusikika.

Jioni Baba alipiga simu kwa kampuni ya intaneti, akachezewa muziki wa kusubiri hadi chai ikapoa, kisha akaambiwa azime ruta na kuiwasha. Dada mwenyewe alisema, "Labda ni mvua." Mimi nilinyamaza kama maji mtungini. Baba, kwa hasira za kuona mtoto wake amekosa kazi, akapitisha amri: kuanzia siku hiyo ruta inazimwa saa tatu usiku, na rununu zote zinalala chumbani mwake.

Hebu niseme kidogo kuhusu amri hiyo, kwa kuwa najua iko katika nyumba nyingi za wasomaji wa ukurasa huu. Sisi ni wanafunzi wa shule ya kutwa. Nafika nyumbani saa kumi na mbili, nachota maji, nasaidia jikoni, tunakula. Nikishika kitabu ni saa mbili. Ruta ikizimwa saa tatu, nimebakiwa na saa moja. Isitoshe, usaili wa Dada ulikuwa saa nne asubuhi! Kuzima usiku kungemsaidia nini? Amri ile iliadhibu saa ambazo hazikuwa na kosa. Sisemi wazazi ni wabaya. Nasema mtu asiyejua maji yanavujia wapi hufunga mabomba yote.

Na mimi mwenyewe sikuwa nimejua. Nilijua tu ni ile vidio, lakini sikuelewa imewezaje kumnyamazisha Dada ilhali picha za wenzake zilikuwa zikimfikia bila shida. Muhula wa tatu ulipoanza nikamwuliza mwalimu wetu wa tarakilishi, nikijifanya swali ni la jirani.

Alianza na hesabu. Kasi ya intaneti huuzwa kwa megabiti, na faili hupimwa kwa megabaiti. Biti 8 ndizo baiti 1. Kwa hivyo megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1.25 tu kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti 1.5 itachukua dakika 20, na hiyo ni kama hakuna mwingine anayetumia. Vidio yangu ya gigabaiti 1.8, ikipandia njia ya megabiti 3, ilihitaji saa 1 na dakika 20. Muda huo wote ilikuwa imeijaza njia ya kutoka, kutoka ukingo hadi ukingo. Sauti na picha ya Dada zilitakiwa kupita hapohapo. Njia ya kuingia ilikuwa nyeupe, ndiyo maana aliwaona.

Kisha akanipa mfano wa foleni. Nami nitauweka kwa njia ya kwetu, ya posho mili. Chukua mtu amekuja na magunia 10 ya mahindi. Nyuma yake kuna mtoto ana gorogoro moja tu, na nyumbani maji ya ugali yanachemka. Mwenye kinu akisaga kwa kufuata nani alifika kwanza, yule mtoto atasimama hadi jioni, si kwa sababu kinu ni kidogo, bali kwa sababu foleni haina akili. Gorogoro ile ingesagwa kwa dakika moja kati ya gunia na gunia na mwenye magunia asingehisi chochote. Mazungumzo ya vidio ni gorogoro. Hayahitaji hata megabiti 1 na nusu, lakini yanazihitaji sasa hivi. Sauti ikichelewa sekunde mbili si sauti tena.

Mwalimu akasema jambo hili liliwasumbua hata mabingwa. Mhandisi mmoja Mmarekani, Jim Gettys, aligundua mwaka wa 2010, akiwa nyumbani kwake, kwamba kila akinakili faili kubwa intaneti ya nyumba nzima inalegea. Alipochunguza akaona ruta na vyombo vingine vimetengenezewa ghala kubwa mno la kuwekea data inayosubiri, hivyo foleni inarefuka bila mtu kuambiwa apunguze mwendo. Alilipa tatizo hilo jina la bafabloti, yaani ghala lililovimba. Mwaka wa 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa njia ya kuifupisha foleni hiyo, na baadaye ikaunganishwa na mpango wa kuwahudumia watu kwa zamu, huyu kidogo na yule kidogo. Ruta nyingine za siku hizi zinao mpango huo ndani yake na wenyewe hawajui kuuwasha.

Huyo Van Jacobson ana hadithi yake nyingine ambayo mimi naipenda zaidi. Oktoba 1986, kati ya maabara moja ya Berkeley huko Marekani na chuo kikuu kilicho jirani, umbali usiofika hata nusu kilomita, kasi ya mtandao ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Arubaini! Mtu angeweza kutembea na barua mkononi akafika kwanza. Waya haukuwa umekatika. Ni kwamba kila tarakilishi, ikiona data yake haijafika, iliituma tena na tena, na ndivyo njia ilivyozidi kuziba. Dawa aliyoiandika mwaka wa 1988 ilikuwa hii: tarakilishi ikihisi msongamano, yenyewe ipunguze mwendo, kisha iongeze polepole. Intaneti tunayoitumia leo imesimama juu ya adabu hiyo ya kupishana.

Sasa mtaniuliza, kama adabu imo ndani tayari, kipimo ni cha nini? Ni kwamba adabu hiyo huhesabu miunganisho, haihesabu watu. Programu ya kupakua inaweza kufungua miunganisho 10 kwa mara moja, na kila mmoja ukadai fungu lake. Ni kama mtu aje kwenye foleni ya chakula na watoto wake 10, kila mmoja na sahani, kisha aseme, "Sisi hatujaruka mstari."

Na hapa nitawaomba walimu wa Kiswahili wanivumilie nitoke nje ya mada kidogo. Neno letu la kuleta faili kutoka intaneti ni kupakua. Lakini kupakua si neno la tarakilishi, ni neno la jikoni. Ni kutoa chakula chunguni na kutia sahanini. Nyumbani kwetu hakuna anayejipakulia nyama. Mama ndiye hupakua. Hutazama sufuria, hutazama watu, na asiyekuwapo humwekea chake na kukifunika. Hakuna siku nimesikia mtu akimwita Mama mchoyo kwa sababu ana kipimo. Kwa nini basi upande wa intaneti kila mtu anakimbilia sufuria na mwiko wake? Walioteua neno hilo, nadhani, walituachia jibu bila wao kujua.

Turudi nyumbani. Nilipojua hayo nikamwendea Baba, nikamwambia nipewe ruta niitengeneze. Akakubali. Nikaandika anwani iliyobandikwa chini ya ruta, nikaingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Kitu cha kwanza nilichokiona ni orodha ya vyombo vilivyounganishwa. Vyombo 17! Nyumbani kwetu, ukihesabu runinga na rununu ya Mama yenye kioo kilichopasuka, tuna vyombo 6. Uchunguzi ulifanywa usiku huo. Kakangu mdogo alikuwa ameuza nywila yetu ploti nzima kwa shilingi 10, na wasiokuwa na pesa aliwapokea mandazi. "Waliniuliza paswadi nikawapa," alijitetea huku akilia. Baba alijaribu kukasirika lakini kicheko kilimshinda. Nikabadilisha nywila.

Hadi hapo nilikuwa mtu mwema. Kisha nikafungua sehemu ya kudhibiti kasi. Humo unaweza kukipa kila chombo mwisho wake. Nikampa kakangu megabiti 1. Runinga 2, Baba 2, Mama 2, Dada 3. Mimi? Mimi sikujiandikia kitu. Nilijiacha wazi, nichukue chochote kitakachobaki na hata kisichobaki. Na sikumwambia mtu. Niliwaambia tu, "Nimeitengeneza." Baba akanipiga begani mbele ya wageni akasema huyu ni injinia wetu.

Wiki tatu nilikula minofu. Wakati huohuo kakangu alikuwa na kazi ya shule ya kutazama vidio mbili za mwalimu wake na kujibu maswali. Yeye hutumia kishikwambi cha zamani cha Dada, na nilikuwa nimekibana kishikwambi hicho. Vidio zilizunguka, zikasimama, zikazunguka. Alienda shuleni bila majibu. Mama akamwita mvivu, akamnyima mpira wiki nzima. Mimi nilikuwa mezani nikila nikisikia hayo yote. Ndugu msomaji, mtoto wa Gredi ya 6 hawezi kujitetea dhidi ya kitu asichokijua. Angekuwa amenyang'anywa kishikwambi angelia kwa sababu anayoijua. Yeye alidhani ni kishikwambi kimezeeka, au pengine ni yeye mjinga.

Ndiyo maana nasema kipimo cha siri ni kibaya kuliko kutokuwa na kipimo. Ambako hakuna kipimo, watu hugombana, na ugomvi angalau ni mazungumzo. Kipimo kikifichwa, mnyonge hujilaumu mwenyewe.

Aliyenishika ni Dada. Alitaka kubadilisha jina la waifai, akaingia kwenye ukurasa ule, akaona majina yetu yote na tarakimu zake. Akaniita. "Mbona wewe huna namba?" Sikuwa na jibu. Hakumwambia Baba, na kwa hilo nitamshukuru hadi uzeeni. Alinipa megabiti 1 kwa wiki nzima ili nijue ladha yake. Mimi niliyezoea kutazama mpira kwa picha safi niliona wachezaji kama matofali yanayokimbia. Kisha akaniagiza niandike vipimo vyote kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa jikoni, jina langu likiwa la kwanza.

Karatasi hiyo ipo hadi leo, imebadilika mara nyingi. Mkono wa Baba ndio uliokuwa mgumu zaidi kuandika. Alisema, "Mimi ndiye nalipa, nipimwe na nani?" Hoja yake si ya kupuuzwa. Anayelipa ana haki ya kuchukua zaidi. Lakini basi aandike kwamba anachukua zaidi, na saa ngapi. Tuliafikiana: Jumamosi jioni wakati wa mechi runinga ina megabiti 5, na zinatosha kabisa kwa picha safi. Saa hizo hakuna anayepanga kazi nzito, kwa sababu imeandikwa. Hakuna aliyenung'unika tangu hapo.

Tulijifunza vilevile kwamba kumkatia kila mtu kipande kisichobadilika ni upungufu wa akili. Mwanzoni, saa tano asubuhi Mama akiwa peke yake nyumbani, alikuwa na megabiti 2 zilezile, na 8 zimelala bure. Siku hizi tumepanga hivi: kila mmoja ana fungu lake ambalo hakuna wa kulimega, na wengine wasipokuwapo anaruhusiwa kukopa. Wakirudi, analiachia. Jambo jingine, ambalo lilinishangaza, ni kwamba ruta yenyewe tumeiambia isitumie kasi yote. Kupakua tumeweka mwisho 9, kupakia 2.5. Ukiijaza njia hadi pomoni foleni hujipanga huko nje, kwa vyombo vya kampuni ambavyo huna amri navyo. Ukiacha nafasi kidogo foleni hukaa ndani ya ruta yako, mahali unapoweza kuwapa watu zamu. Tumepoteza sehemu ya kumi hivi, tumepata mazungumzo yasiyokatika. Kazi nzito za kupakia ni baada ya saa nne usiku, na siku ya usaili au mtihani wa mtu hakuna kupakia kabisa. Sheria hiyo ya mwisho niliipendekeza mimi. Wote walidhani nina busara.

Kuna rafiki yangu wa darasani, baba yake anajiweza, ambaye huniambia haya yote ni mambo ya umaskini. "Ongezeni pesa, nunueni kifurushi kikubwa, kwisha." Kwetu kifurushi kinachofuata kingetuongezea shilingi 1,000 kila mwezi, na hizo ni unga. Lakini hata kwa mwenye nazo, hoja haijakamilika. Programu za vidio zina tabia ya kupima njia na kupandisha ubora wa picha kadiri ya nafasi zinayoiona. Vidio ileile ya YouTube ambayo hupita vizuri kwa megabiti 1.1 katika ubora wa 480, huhitaji 5 katika ubora wa 1080, na kama 20 katika ule wa juu uitwao 4K. Kwenye kioo cha rununu tofauti hata huioni vizuri. Barabara ikipanuliwa, magari hayabaki yaleyale. Rafiki yangu huyo ana megabiti 40 na mama yake bado hupiga kelele, "Nani anatumia waifai?"

Wengine husema lawama zote ni za kampuni. Kweli, kuna siku lawama ziko nje ya nyumba. Kabla ya 2009, mikongo ya chini ya bahari ilipofika Mombasa, nchi yetu ilitegemea setilaiti, na kasi ilikuwa ya kobe. Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, iliharibika na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Siku kama hiyo hata karatasi yetu ya jikoni haisaidii kitu. Lakini bahari haikatiki kila jioni saa mbili. Kabla ya kuchezewa muziki wa kusubiri, fungua ukurasa wa ruta uhesabu vyombo.

Walimu wetu wapendwa, na nyinyi nina ombi dogo. Kuna kazi za ziada zinazotumwa kwenye kundi saa tatu usiku, kurasa 12, kila ukurasa picha yake. Kumbukeni wenzetu ambao nyumbani hawana waifai ya kugawana, wanaonunua bando ya shilingi 20. Kazi ileile ikipigwa chapa kama maandishi matupu ingekuwa nyepesi mara nyingi zaidi. Kama hamtaniona mkosefu wa adabu, hicho nacho ni kipimo, na kingefaa kuandikwa mlangoni mwa chumba cha walimu.

Na sasa lile lililonikaa rohoni. Dada, najua wewe hununua jarida hili kila mwaka hata kama huwa unalisoma kwa kucheka. Ile Jumatano ya Agosti haikuwa mvua, wala kampuni. Ilikuwa mimi, na rununu chini ya mto. Ningeiwekea ile vidio megabiti 1 tu ingechukua saa 4 badala ya saa 1 na dakika 20, wewe ungebaki na 2, na hakuna mwanachama ambaye angekufa kwa kungoja. Ulinipa adhabu ya wiki moja kwa kosa dogo ukidhani ndilo lote. Kubwa ni hili. Nimeshindwa kulisema kwa mdomo, mara tatu nimefika mlangoni mwako nikarudi. Ukitaka kunirudisha kwenye megabiti 1 hadi nimalize kidato cha nne, iandike tu kwenye karatasi, nitatia sahihi.

Kwa wanachama: vidio ya mchezo wa mwaka huu ninayo. Ni gigabaiti 2.1. Nitaanza kuipakia Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa tano usiku, wenyewe wakiwa wamelala, na kwa kasi yetu itakuwa imeingia kabla ya saa saba. Kiungo mtakipata Jumapili mkitoka kanisani. Kabla ya hapo msiniandikie.